Bustani ndani ya magofu ya ngome: namna ya kuitunza bila kuziua kuta

Anza siku ya mvua kubwa. Wageni wakishakimbilia chini ya lango, vaa koti, chukua mchoro wa eneo na penseli, uzunguke kuta zote, ndani na nje. Weka alama kila mahali maji yanapotiririka juu ya mawe, yanapotuama kwenye msingi, na yanapochomoza kwenye tundu ambalo hukulitarajia. Rudi siku mbili baada ya mvua kukatika utazame tena. Jiwe ambalo bado limelowa ilhali mawe ya jirani yamekauka lina maji yaliyonaswa nyuma yake. Mchoro huo ndio utakaoamua wapi patapandwa, wapi patamwagiliwa na wapi hapaguswi. Anayeanza na orodha ya maua huishia kung'oa alichopanda.

Bustani ya Ninfa, kusini mwa Roma, ilianza kwa mpangilio huohuo. Gelasio Caetani, wa ukoo uliomiliki eneo hilo, alipoanza mwaka 1921 kuyafufua magofu ya mji ule wa enzi za kati, pamoja na mnara wa ngome yake, alishughulikia kwanza maji ya kinamasi, akafyeka vichaka na kuimarisha kuta. Waridi zilizoipa bustani ile sifa zilipata nafasi kwa sababu kuta zilikuwa zimepata nafuu.

Kwa nini ukuta wa gofu hunywa maji

Ukuta mnene wa ngome ya kale mara nyingi ni nyuso mbili zenye kifusi katikati. Nje na ndani kuna mawe yaliyochongwa au kupangwa vizuri, na katikati kuna vipande vya mawe vilivyoshikwa kwa chokaa. Ngome ilipokuwa na paa, mvua haikufika huko ndani. Paa lilipoanguka, kichwa cha ukuta kilibaki wazi. Maji huingia kwa juu, huyeyusha chokaa kidogokidogo na kuishusha, na kifusi hubaki kama kokoto ndani ya gunia. Uso wa nje huanza kutoa tumbo. Kwenye nchi za barafu mambo huenda mbio zaidi, kwa kuwa maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9 na kusukuma mawe yasiyo na kwa kwenda.

Jifunze kuzisoma dalili. Michirizi myeupe chini ya kiungio ni chokaa inayotoka. Mstari wa kijani usiokauka ni njia ya maji ya kudumu. Tumbo hupimwa kwa timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni: ishushe kutoka juu, pima umbali kati ya uzi na ukuta kila nusu mita, andika, kisha rudia baada ya miezi sita mahali palepale. Ufa nao pigia mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande, na upime nafasi kati yake kila mwezi. Ufa usiotembea kwa mwaka mzima ni jambo la kuangalia. Unaotembea ni wa mhandisi wa majengo ya kale, na ardhi iliyo chini yake ifungwe leo.

Udongo unaoegemea ukuta

Miaka mingi ya majani yaliyooza, mboji na matandazo hupandisha ardhi. Usishangae kukuta tuta la maua limefunika mawe ya chini kwa sentimita 30 kuliko ilivyokusudiwa. Udongo huo hushika unyevu na kuusukuma ndani ya ukuta kila siku. Uondoe, lakini polepole na kwa mkono, sentimita chache kwa wakati, na mtaalamu wa mambo ya kale akiwepo, kwa sababu hujui kilichozikwa humo. Acha ukanda wa changarawe wenye upana wa sentimita 30 hadi 45 usiopandwa kitu, na ardhi iteremke kutoka ukutani walau sentimita 2 kwa kila mita.

Hapa wengi hukosea kwa nia njema: huchimba mtaro mrefu kufuata msingi ili maji yatoroke. Kuta nyingi za ngome zina misingi mifupi kuliko unene wake unavyoashiria, na mtaro wa nusu mita tu unaweza kuondoa udongo unaoushikilia ukuta mzima. Mtaro wa kutoa maji huwekwa mbali na ukuta, baada ya mashimo madogo ya majaribio kuonyesha msingi unaishia wapi.

Kofia ya nyasi juu ya ukuta

Hii ndiyo kazi ambapo mtunza bustani anaweza kumsaidia mwashi kuliko mahali pengine popote. Zamani vichwa vya kuta vilizibwa kwa saruji. Saruji haiendi na ukuta: jua likiwaka hupanuka kivyake, hupasuka, na nyufa zake nyembamba huingiza maji ambayo hayapati pa kutokea. Uchunguzi uliofanywa na English Heritage, shirika la kutunza majengo ya kale, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford kwenye magofu ya Uingereza ulionyesha kwamba kofia ya udongo na nyasi hupunguza mno kupanda na kushuka kwa joto kwenye mawe ya juu, na hunyonya sehemu kubwa ya mvua kabla haijaingia.

Kabla ya kuanza, piga hesabu ya uzito. Udongo uliolowa wa kina cha sentimita 15 unaweza kufika kilo 270 kwa kila mita ya mraba. Mhandisi aseme kwanza kama ukuta unaubeba. Baada ya hapo:

1. Mwashi aondoe mawe yaliyolegea, ayapige picha, ayape namba na kuyarudisha kwa chokaa. Kichwa cha ukuta kipate mgongo kidogo katikati ili maji yasituame.
2. Tandaza udongo wenye mfinyanzi kiasi, usio na mbolea, kina cha sentimita 7 hadi 10. Udongo mnono huotesha magugu marefu na miti.
3. Panga mabamba ya nyasi safu mbili. Ya chini igeuzwe, nyasi zitazame chini. Ya juu itazame jua. Viungio vya safu mbili visikutane, kama matofali.
4. Acha ukingo wa nyasi utokeze sentimita 3 hadi 5 nje ya ukuta, ili matone yadondoke hewani badala ya kuteremka usoni mwa mawe.
5. Shikiza kwa wavu wa nyuzi za nazi na vigingi vya mbao. Chuma kisitumike kabisa.

Ifanye kazi hii mwanzoni mwa majira ya baridi na mvua. Nyasi zinahitaji wiki nne hadi sita za unyevu ili zishike. Zikiwekwa kiangazi hujikunja kwenye kona, upepo huingia chini yake na kazi yote huanguka. Kwenye ukingo ambako udongo ni mwembamba mno, panda mimea minene ya majani ya maji kama Sedum acre au Sempervivum tectorum. Nyasi zitakuwa za kahawia kila kiangazi kikali, na wageni watalalamika. Usimwagilie. Mizizi iliyokufa nusu bado inakinga, nayo mvua ikirudi hurudi.

Mara mbili kwa mwaka panda ngazi ung'oe miche ya miti. Kofia isiyokaguliwa hugeuka kitalu.

Kipi king'olewe, kipi kiachwe

Ukuta usio na mmea hata mmoja si lazima uwe ukuta wenye afya. Mimea midogo ya mawe, kama Cymbalaria muralis, kangaga wadogo, na ua la ukutani Erysimum cheiri, ina mizizi myembamba inayokaa kwenye chokaa iliyokwisha kulainika. Haikuleta udhaifu huo, iliukuta. Iache, ila ikiota kwa wingi mahali pamoja jua kwamba hapo chokaa imekwisha na panahitaji mwashi. Richard Deakin alipoorodhesha mimea ya Colosseum ya Roma mwaka 1855 alifikisha aina 420. Sehemu kubwa ya uzuri ule ilifutwa baadaye na kampeni za kusafisha. Bustani iliyo kwenye magofu haina sababu ya kurudia kosa hilo.

Adui ni mizizi inayonenepa: Buddleja davidii, Ailanthus altissima, mitini, na miche ya miti mikubwa. Mche mwembamba kuliko penseli ung'oe kwa mkono siku moja baada ya mvua, ukivuta taratibu kufuata mwelekeo wa mzizi. Ukizidi hapo, usiuvute. Mzizi umekwisha kuwa kabari, na ukiung'oa kwa nguvu utatoka na mawe yake. Ukate karibu na ukuta, upake dawa ya kuua shina kwa brashi ndogo papo hapo, kabla ya jeraha kukauka, kisha uache. Dawa isinyunyiziwe, itatiririka kwenye mawe na mimea ya chini. Rudi msimu unaofuata kuona kama umechipua.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba mzizi mnene uliokufa huoza, na ukioza huacha bomba tupu ndani ya ukuta, nalo huwa njia mpya ya maji. Kwa hiyo uandike mahali ulipokuwa na tarehe ya kuukata, ili mwashi aje baada ya mwaka mmoja au miwili kujaza pengo kwa chokaa nyepesi ya kumimina. Penye mzizi ulioinua jiwe lote, hakuna njia ya mkato: sehemu hiyo hupigwa picha, huchorwa, hufumuliwa na kujengwa upya na fundi.

Aivi, Hedera helix, mmea unaotambaa na kupanda kuta, inastahili uamuzi wa peke yake. Uchunguzi wa Oxford ulionyesha pia kwamba aivi inayoning'inia juu ya uso mzima huukinga ukuta dhidi ya joto, baridi kali na vumbi la magari. Madhara huja pale inapopata ufa na kugeuza vijinyuzi vyake vya kujishikiza kuwa mizizi ya kweli, au inaponenepa kichwani mwa ukuta na kushika upepo kama tanga. Basi chunguza kwanza imeota wapi. Ikiwa imetoka ardhini na ukuta nyuma yake ni mzima, ipogoe kila mwaka, iwe nyembamba, na isivuke nusu mita chini ya kichwa cha ukuta. Ikiwa imeota ndani ya ukuta, ifuate kama mti. Usiivue ukuta mzima siku moja. Kata kipande cha angalau sentimita 30 kutoka kila shina kwenye msingi, ngoja majani yakauke kabisa, kisha ondoa eneo dogodogo, mwashi akiwa na chokaa tayari, maana kuna mawe ambayo aivi tu ndiyo iliyokuwa ikiyashikilia.

Yote haya yafanyike nje ya majira ya ndege kutaga, na baada ya kukagua popo. Tundu dogo la sentimita mbili linatosha kuwa makazi yao, na nchi nyingi zinawalinda kwa sheria. Tundu lisizibwe kabla mtu hajalimulika kwa tochi.

Chokaa, na kwa nini si saruji

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye ukuta wa kale, hata ukiuziba kwa saruji utajenga ukuta vilevile. Kanuni ni moja: kilicho kwenye kiungio kiwe laini kuliko jiwe na kipitishe unyevu kwa urahisi kuliko jiwe. Hapo maji hutoka kupitia kiungio, na kiungio ndicho kinacholika polepole na kubadilishwa kila baada ya vizazi. Ukijaza saruji, maji hulazimika kutokea kwenye jiwe, chumvi hukauka ndani ya ngozi yake, na uso wa jiwe humenyuka kama kitunguu huku saruji ikibaki imesimama kama fremu.

Mtunza bustani si lazima ashike mwiko, lakini ajue vya kutosha kusimamisha kazi mbaya. Chokaa ya asili inayoshika kwenye maji huuzwa kwa madaraja matatu ya ugumu, yanayoandikwa NHL 2, 3.5 na 5. Kwa jiwe la kawaida 3.5 hutosha, kwa jiwe laini 2, na 5 ni ya mahali penye taabu kubwa ya hali ya hewa na jiwe gumu. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu moja ya chokaa kwa sehemu mbili na nusu hadi tatu za mchanga mkali uliooshwa. Mchanga wa pwani una chumvi, haufai. Kiungio kikwanguliwe kwa mkono, kina kiwe mara mbili ya upana wake na kisipungue milimita 25. Kilowanishwe siku moja kabla na tena saa moja kabla ya kujaza. Kazi isifanywe joto likiwa chini ya nyuzi 5, na baada ya kujaza, magunia mabichi yaning'inizwe mbele ya ukuta kwa wiki nzima au zaidi. Chokaa iliyokaushwa haraka na jua hubaki unga. Ukiikwaruza kwa ukucha ikamwagika, fundi aliharakisha.

Matuta na mimea

Udongo wa magofu umejaa vumbi la chokaa la karne nyingi. Upime: ukikuta pH (kipimo cha tindikali) ya 7.5 hadi 8, usipoteze pesa kwa azalea, kamelia na rododendroni. Majani yao yatakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu chuma kilichomo udongoni hakiyeyuki, na mizizi haiwezi kukifyonza. Wala usijaribu kuutia udongo ukali kwa salfeti karibu na ukuta. Utakuwa unatia tindikali kwenye chokaa inayoshikilia mawe, na chumvi za salfeti zitapanda ukutani. Mbolea za chumvichumvi pia ziwe mbali, walau mita moja. Panda vinavyopenda chokaa na ukavu: lavanda, thaimu, rozmari, Dianthus, airisi, klematisi, Centranthus ruber (huyu wa mwisho adhibitiwe, mbegu zake hupeperuka hadi kichwani mwa ukuta).

Upande usiopigwa na mvua, ukanda wa karibu nusu mita kutoka ukutani hubaki mkavu hata msimu wa masika. Mche uwe nje ya ukanda huo. Kumwagilia kuwe kwa bomba la matone lililolazwa mbali na ukuta. Kirushia maji kinachopiga mawe kila jioni hufanya kazi ya mvua ambayo mbingu haikuileta.

Kina cha kuchimba ndicho mpaka mgumu kuliko yote. Mahali palipokwisha kulimwa, usizidi sentimita 15 hadi 20. Penginepo usichimbe, inua. Tandaza kitambaa cha jiotekstaili kinachopitisha maji, weka udongo wa sentimita 30 hadi 40 juu yake, na acha nafasi ya sentimita 30 kati ya tuta na ukuta. Omba kibali hata kwa hilo. Uingereza, kwa mfano, chini ya sheria ya mwaka 1979 ya majengo na maeneo ya kale, kumwaga udongo juu ya eneo lililosajiliwa huhesabiwa kuwa kazi inayohitaji ruhusa, sawa na kuchimba. Jembe likigonga kitu, simama hapohapo, usikitoe, weka rula pembeni, piga picha, ita mtaalamu.

Mimea inayopanda juu ndiyo kishawishi kikubwa. Waridi juu ya dirisha lililovunjika ni picha ambayo watu husafiri kuitafuta, na inawezekana. Iegemeze kwenye nguzo zilizosimama zenyewe, sentimita 15 mbele ya ukuta, nyaya zikiwa zimefungwa kwenye nguzo. Kama ni lazima kitu kipigwe ukutani, kiingie kwenye kiungio, kamwe si kwenye jiwe, na kiwe chuma cha pua. Msumari wa kawaida hupata kutu, kutu hutanuka, jiwe hupasuka.

Miti mipya isipandwe ndani ya mita 10 kutoka ukutani. Mti ukiangushwa na dhoruba hung'oa sahani nzima ya udongo pamoja na historia iliyo ndani yake. Mti wa zamani ukilazimika kukatwa, kisiki kiachwe kioze. Usikisage.

Nyasi, njia na kilima

Uwanja wa ndani hukanyagwa kuliko mahali popote. Acha nyasi ziwe za sentimita 5 hadi 7, na penye njia iliyochorwa na miguu ya watu usiweke kamba, weka njia. Upana wa mita 1.8 huruhusu viti viwili vya magurudumu kupishana, na mteremko usizidi sentimita 5 kwa mita. Mashine ya kufyekea isikaribie mawe: uzi wake huchora makovu kwenye msingi. Sentimita 30 za mwisho zikatwe kwa mkasi. Wakati wa barafu, ngazi zimwagiwe mchanga, si chumvi.

Kilima cha kutengenezwa chini ya mnara ni udongo uliorundikwa, na usichongwe hata kwa tuta dogo. Guildford, mji wa Uingereza ambako halmashauri ilinunua magofu ya ngome mwaka 1885 na kuyafungua kama bustani ya umma mwaka 1888, matuta ya maua hupangwa chini, mguuni pa kilima, na mteremko huachiwa nyasi. Kovu la mmomonyoko lijazwe mapema kwa udongo na wavu wa nyuzi za nazi, lioteshwe nyasi, lizungushiwe uzio msimu mzima.

Na jiwe likianguka usiku, usilirudishe wala usilisogeze kando kwa toroli ili pawe pasafi. Funga eneo, lipige picha lilipolala pamoja na pengo lililotoka, liandike namba kwa chaki upande usioonekana, kisha lihifadhiwe mahali pakavu ndani ya eneo lilelile. Mwashi akija, liwe linamngoja.